Sabuni Juu ya Mti wa Krismasi

Mama Wanjala mpenzi,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mumeo amepamba mti wa Krismasi wa kanisa hapa Malaba. Mimi nilitundika nyota za karatasi. Akina mama wakatundika vipande vya sabuni na vifurushi vya chumvi, nikawacheka.

Ibada ilipokwisha, wageni kutoka Uganda wakaanza kuuvua mti mapambo yake. Nilishtuka mpaka nikaukumbatia.

“Mzee, toka hapo,” mama mmoja akaniambia. “Kwao sabuni imepotea madukani. Hapa kwetu pambo ni kitu mgeni anaenda nacho nyumbani.”

Ukweli ni kwamba nilisogea, nikawasaidia kufungua nyuzi. Mgeni mmoja alinusa sabuni yake, akalia. Mti ukabaki na nyota zangu tu. Nakuletea hizo, pamoja na mapenzi yangu.

Baba Wanjala