Kitambaa Kilikuwa Kwenye Pindo

Kitambaa kipo, Yunisi. Kipo chote. Kimekuwa ndani ya pindo la mapazia yangu miaka hii yote, na mimi nilikuwa nayakung'uta vumbi kila Jumamosi huku nikikuita mwizi.

Hata sijakusalimu. Nisamehe, mwenzangu, nimeanza vibaya. Nimekaa chini kwenye vigae, mkasi mdogo uko mapajani, na nyuzi zako zimeshika gauni langu lote. Habari ya huko. Huku wazima, Neema mzima, isipokuwa mimi mama yake, ambaye tangu juzi nimekuwa kama mtu aliyepigwa kofi akageuka asione mtu.

Ngoja nieleze vizuri.

Neema amepata mchumba. Neema huyu huyu uliyemshonea sare ya darasa la kwanza. Siku hizi ana ofisi yenye mlango, na mlangoni pameandikwa jina lake, nimekwenda mwenyewe nikaligusa. Kijana ni wa Singida, ana adabu, shikamoo yake anaitoa hadi kwa muuza mchicha. Wazee wake wanakuja kuleta posa, na wanakuja nyumbani kwangu Area D. Ndiyo, niliijenga. Ile niliyokuwa naisema pale Miyuji tukiwa kwenye chumba na sebule, watu wakicheka wakiziba midomo kwa kanga. Madirisha ya sebuleni yanashuka karibu na sakafu, kama nilivyosema. Sikupunguza hata moja.

Basi Neema akaja na picha kwenye simu. Akasema, "Mama, bomba la pazia halikai juu ya dirisha tu, linapanda mpaka karibu na dari, na pazia liguse chini. Ndipo chumba kinakuwa kirefu. Ndani tutie jepesi jeupe, mwanga upite." Fundi akapandisha mabomba. Mimi nikatundika mapazia yako, yale ya rangi ya damu ya mzee. Mapazia manne, Yunisi, na yote yakaishia magotini, kama suruali ya mtoto aliyerefuka likizo moja. Neema alicheka mpaka akakaa. Akasema atanunua mapya.

Nikasema sawa, haya nitayafumua niyafanye foronya za mito ya makochi. Nikakata uzi wa bitana kwa chini. Pindo likafunguka. Likafunguka tena. Kitambaa kikateremka mikononi mwangu, damu ya mzee mbichi, haijaona jua hata siku moja, kikaenda mpaka kikagusa kigae. Nilidhani nimeshika pazia la mtu mwingine. Nikafumua la pili. La tatu na la nne nilimwachia Neema.

Unakumbuka nilivyokuwa najisifu na upepo wa Miyuji? Mapazia ya wenzangu yakipeperuka mpaka kwenye sufuria, ya kwangu yametulia. Nilikuwa nawaambia wageni, tazameni uzito huo. Kumbe najisifia kitambaa kile kile nilichosema umekula.

Maana nilisema. Nilipima kwa mkono yakiwa yametundikwa, nikaona hesabu ya dukani haifiki. Ningekufuata kibandani kwako, sisi wawili tuliotoka Haneti tukichangia dawati moja la shule, tungemaliza. Sikufanya hivyo. Nilisubiri siku ya sala za jumuiya, akina mama wote wamekaa na chai mkononi, ndipo nikasema fundi wetu ana mkasi wenye njaa. Walicheka. Nilifurahi walivyocheka. Wewe ukaweka kikombe chini, ukasema, "Kitambaa chako kipo chote, Mama Neema. Kama hunisadiki, fumua." Nikakujibu siwezi kuharibu mapazia yangu kwa ajili ya mwizi.

Jina likabaki. Mkasi wa Njaa. Hata watoto walilijua. Wateja wakahamia kwa fundi wa kule barabarani, nami nikiona, na sikufumua. Kiburi tu. Ulipofariki nilikuja kupika msibani, nikachagua jiko la nyuma kabisa. Binti yako Debora alinipa shikamoo, nikaitikia nikitazama ugali.

Juzi nilimwuliza Neema, kwa nini Yunisi afiche kitambaa cha watu kwenye pindo? Akanitazama akasema, "Mama, si kama sare yangu?" Ndipo nilipokaa chini. Sare ya darasa la kwanza uliiachia pindo refu, ukaniambia, "Mtoto anakua, hatutakata, tutateremsha tu." Na siku ile nakuletea kitambaa cha mapazia, nilikupigia kelele mchana kutwa kuhusu nyumba yangu, madirisha yangu marefu, na wakati huo sikuwa na hata kiwanja. Wewe ulikuwa unakanyaga cherehani tu. Nilidhani husikilizi.

Yunisi, Miyuji nzima ilinicheka, na wewe ulikuwa unashonea ile nyumba.

Jana nilikwenda kwa Debora na pazia moja begani. Anatumia cherehani yako, pale pale. Aligeuza pindo akaangalia mshono muda mrefu, akasema, "Ni yeye. Alikuwa anavuta uzi kwa mkono wa kushoto." Nilianza kulia, nikataka kusema maneno mengi, unanijua. Akaninyamazisha. "Usiniambie mimi, mama. Mimi sikuwahi kumwita hivyo. Useme pale uliposemea." Hakunikumbatia. Sikustahili.

Mapazia nimeyatundika. Yanagusa sakafu sawasawa, kama uliyapima jana. Lakini juu pamepauka kwa jua, chini ndipo penye rangi yenyewe, na katikati umebaki mstari wa pindo lako la zamani. Neema anataka tuyatie rangi, au tushonee utepe juu ya mstari, wakwe wasione. Nimekataa. Tumeweka yale mepesi meupe kwa ndani, mwanga unapita, mstari unaonekana kutoka mlangoni. Na uonekane. Mama mkwe wa Neema akiniuliza, nitaanza hapo.

Nimewaita akina mama wote wa jumuiya ya Miyuji, wale wale waliocheka, na yule aliyecheka kuliko wote nimemfuata kwake nikamwambia asikose. Nitasimama chini ya mapazia yako niseme jina lako, na nitasema ni nani aliyekuwa na njaa. Nimejisifu maisha yangu yote, sauti ninayo. Safari hii nitakusifu wewe mpaka wachoke.

Lala salama, Yunisi wa Haneti, fundi wangu. Debora amekubali kuja, atakaa kiti cha mbele karibu na dirisha. Wakwe, jumuiya, wote. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.