Sukari ya Miezi Mitatu

Makongeni, Jumapili

Clare mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nakudanganya. Kile kikundi kinachotupima kisukari hapa ukumbini kimenishika. Nilizoea kuacha sukari siku mbili kabla ya kupimwa, nasifiwa, kisha narudia vijiko vyangu vinne. Juzijuzi Yurub, mhudumu wao, akaja na kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu mizima. Hakunigombeza. Aliniomba tu nivue viatu, akaona kidonda nilichokificha mguuni.

Sasa yeye hunisafishia kidonda kila asubuhi, kisha tunakunywa chai isiyo na sukari pamoja, naye kwao chai ni sukari tupu!

Yale matembezi ya jioni niliyokuwa nikikusimulia, nilikuwa nimekaa. Lakini jana nilifika hadi getini. Usiniamini mimi, muulize Yurub.

Mamako mkaidi,
Apondi