Nani Azime Waifai Kwanza, Mimi au Baba Mpya wa Hati?

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla moyo haujanipasuka. Mimi ni Herminio wa hapa Iloilo, Ufilipino, fundi wa kila kitu, niliwahi kufufua redio ya meli ya Wajapani kwa uma na karatasi ya sigara, nahodha akalia kama mtoto. Mpwa wangu Hati nimemlea tangu baba yake afariki, roboti yake ya kwanza tuliiunda kwa mota ya feni yangu, joto nikavumilia, sasa dada yangu ameolewa na huyu Arsenio mwenye simu kubwa kama sahani, na Hati anamwita Papa, Papa, mbele yangu, mimi nimebaki Tito, mjomba tu!

Juzi kwenye mashindano ya roboti ya shule tulijaa ukoo mzima ukumbini, na sinia za tambi za pansiti, na bango lenye uso wa Hati na wangu kidogo pembeni, nikawarushia ndugu waifai kwa simu yangu ili tuonyeshe mubashara kwa shangazi zake walioko Dubai, Arsenio naye akawarushia wa upande wake. Roboti ikaenda vizuri, ilipofika katikati ya uwanja ikaganda. Mtangazaji akasema kwa kipaza sauti, wanaorusha waifai wazime, roboti zinakosa mawasiliano. Nikamtazama Arsenio.

"Zima basi, shemeji," akasema.

"Anza wewe. Mimi nina watazamaji elfu nne."

"Elfu nne! Umehesabu na kuku?"

Hati akaja mbio kwenye uzio. "Tito! Papa! Nabonyeza, haisikii!"

Nikamwambia, "Mwambie Papa wako." Muda ukaisha. Hati na wenzake wamepenya fainali kwa pointi za mwanzo, ni Jumamosi hii, na Hati amesema sisi wawili tusikanyage. Nisaidie, nitamfanyaje Arsenio azime kwanza? Nikitangulia mimi, si ndiyo nimemkabidhi mtoto?

MSHAURI ANAJIBU

Tito Herminio, pole. Kumlea mtoto, kisha usikie jina la baba likienda kwa mwenye simu kubwa, kunauma, hata mimi kungenichoma. Lakini acha utoto.

Amri za Hati zinaifikia roboti kupitia hewa ileile mliyoijaza picha za pansiti. Njia ni nyembamba, ninyi mmeegesha malori mawili, kila dereva anasubiri mwenzake arudi nyuma. Mfufua redio za meli hukulijua hilo? Basi uliambiwa kwa kipaza sauti! Mtoto alipopata shida alikimbilia kwenu wote wawili, tena alianza na jina lako. Ukamfukuza kwa maneno matatu tu, "Mwambie Papa wako," nayo yalitosha kumliza.

Arsenio mwache, hajaniandikia. Leo nenda kwa Hati, mwambie: "Nilisikia tangazo, sikuzima. Nisamehe." Jina la Arsenio lisiingie hapo. Kisha nyamaza, hata kama kunyamaza kwako ni muujiza. Akisema bado hataki uje, bakia nyumbani, pika, umpe Arsenio apeleke chakula, na usimtume na kijembe.

Akikuruhusu, simu ifungie kabatini kabla hujatoka. Shangazi wa Dubai watapata habari jioni. Ukifika ukumbini kaa karibu na shemeji yako, yeye azime asizime, na roboti ya Hati ikisogea, piga makofi kwa mikono yote miwili.