Nywele Nilitoa kwa Mungu ya Bahindi

Kamina, ku nyumba ya tantine Clémentine

Mudogo yangu Mira,

Moyo wako, nakusalimia. Natumaini mwili iko nguvu na ile malaria imekuacha. Batoto ya masomo pale Luena banakutii? Kama banafanya fujo, bapige magoti, weye iko mupole sana. Minyi niko, nakula, nalala. Tantine, ndugu ya mama, anakusalimia, mugongo ingali inamusumbua, lakini ulimi yake iko salama, asante Mungu.

Nimesikia noko Hénoch, mujomba yetu, alikufikia huko na habari ya ndoa. Mbele ya kumujibu, soma barua hii mpaka mwisho. Ulisikia tu maneno ya bantu, kwamba yaya yako, dada mukubwa, alienda kuabudu sanamu kwa Bahindi, na njo maana bwana yangu Urbain alinifukuza. Sasa sikia ya kwangu.

Unajua vile tulifika India. Moyo ya Urbain ilikuwa inachoka, hata korale, baimbaji ya kanisa, alikuwa anaongoza ameketi. Kanisa ikachanga, tukapanda ndege. Kule daktari akasema batafungua kifua, bengine banaamuka, bengine hapana. Alisema vile na sauti ya muntu anauza tomati.

Karibu na lopitali kulikuwa hekalu ya zamani, ya mawe tupu. Mira, minyi nilikuwa nafikiri kanisa yetu na mabati yake mupya ni kitu! Mulango ya pale peke yake inapita nyumba ine kwa urefu, na toka chini mpaka juu imechongwa miungu, tembo, banamuke ya kucheza, hakuna nafasi ya kuweka kidole. Ndani kuna nguzo ya mawe. Ukigonga moja inalia kama kengele, ukigonga ingine inalia sauti ingine. Unavua viatu, unapita kiwanja, kisha chumba kubwa, kisha ingine, na kila ukiingia nyumba inakuwa ndogo na giza. Kule mwisho mungu yao anakaa mu chumba bila dirisha. Ni jiwe nyeusi, imepakwa mafuta, na kuhani kifua wazi anazungusha moto mbele yake. Nilicheka kwanza. Kisha nikaona mama muzee mumoja analia mbele ya ile jiwe namna mama yetu alilia ku kilio ya baba. Kicheko ikanikauka.

Hadisi yao iko hivi. Zamani muntu mumoja wa kuchunga ng'ombe alimupiga ule mungu na shoka ku kichwa, pakabaki kidonda bila nywele. Mwanamuke mumoja akakata nywele yake, akafunika kidonda. Mungu akasema: mwenye kunipa nywele, nitamupa kile analilia. Tangu pale bantu banakuja kunyoa, kila muntu na machozi yake. Binyozi banakaa chini mustari murefu, wembe inaenda shwa, shwa. Minyi pia nikaketi. Nywele yangu yote, Mira, ile ulikuwa unanisuka kila siku ya posho, kesho yake kanisa, ikabaki chini pale.

Kesho yake bakamufungua Urbain. Akaamuka.

Tukarudi. Pa kiwanja ya ndege korale yote ilikuwa inangojea na maua ya plastiki. Mama bukwe, mama ya Urbain, akanikumbatia, kitambala ya kichwa ikateleza. Weye unajua kwetu nani ananyoa kichwa yote: ni muke mwenye bwana yake amekufa. Mama bukwe hakuuliza kitu. Akajitupa mu vumbi, akaanza kumulilia mutoto yake, na mutoto yenyewe amesimama pale na sakoshi ku mukono! Na bamama bengine bakapokea kilio, yoo mama, bila kuangalia. Urbain akabaki mudomo wazi, anasikia vile batamulilia siku yake.

Mu kikao ya jamaa bakasema nimemuzika muzima. Kichwa yangu imeita lufu, kifo yenyewe, na siku moja lufu itaitika. Pasta akaongeza maneno ya sanamu. Nilikuwa naangalia Urbain. Bakamuuliza kama alijua. Akakohoa, akasema yeye alikuwa mugonjwa ku kitanda, mambo ya muke hakujua. Mama bukwe akatupa mizigo yangu inje yeye mwenyewe, na kitambala yangu akapangusa nayo mulango. Sasa batoto banaimba nyuma yangu: mujane ya muzima, mujane ya muzima. Ni bale nilifundisha kusoma!

Na leo jamaa inasema nyumba ya Urbain haiwezi kubaki bure, mudogo achukue nafasi ya yaya. Noko Hénoch amekubali. Yeye anakubali kila neno iko na nyama ya mbuzi ndani.

Sasa ile sijaambia muntu, hata tantine. Ni Urbain njo alinituma. Ile hadisi, mwanamuke mumoja wa lopitali alimuelezea yeye, na yeye akanielezea minyi. Alinishika mukono, jasho inamutoka, akasema yeye kiongozi ya korale hawezi kuingia pale, lakini minyi niende kwa jina yake. Nikakataa. Nikamuambia kwetu kunyoa ni kuita kilio. Akalia, Mira. Akasema kama nywele yangu inapita yeye kwa bei, basi nibaki nayo, bamuzike. Njo nikaenda. Niliporudi akapapasa kichwa yangu na mikono yote mbili, akaapa hatasahau. Na sasa kila siku ya Mungu anasimama kanisani, anashuhudia vile sala ya korale ilimuponya. Sauti imemurudia, mpaka hapa ku kiwanja ya tantine namusikia.

Ku kikao nilinyamaza juu nilikuwa namungojea aseme. Nilimungojea mpaka ile siku noko Hénoch alipanda treni kuja kwako. Pale nikaacha.

Umusalimie Cathy na bajirani bote. Umuambie sabuni alituma ilifika. Usilale bila chandarua.

Weye iko muntu mukubwa, sikukatazi. Lakini unakumbuka siku baba alikufa: jamaa ya baba bakakataa kumugusa mama, na ni tantine Clémentine, ndugu yake ya tumbo moja, njo alimunyoa. Nywele yangu imeota, inafika urefu ya kidole, inatosha wembe. Kama unamukubali Urbain, mbele ya kuingia kwake upite hapa kwanza, uninyoe vile mama alinyolewa. Maji nitachemusha minyi mwenyewe. Weye ulete tu wembe.

Ni minyi yaya yako,
Élisa