Sauti ya Shemeji na Ruta Niliyoifunga Mimi

Mpendwa mshauri,

Jumanne ya tarehe tisa mwezi uliopita, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, dada yangu mkubwa alipoteza sauti ya marehemu mumewe, rekodi mia mbili na kumi na nne, zote, na naomba msaada wako kwa sababu anayelaumiwa siye aliyekosa.

Mimi ni fundi wa intaneti za majumbani. Sikusoma chuo, nilianza kwa kuwashikilia ngazi mafundi wengine mpaka nikapanda yangu, na leo nina nyumba mia moja arobaini na tatu nilizozifungia ruta, vile visanduku vya kugawa intaneti ndani ya nyumba, zote za aina moja, thelathini na nane kati ya hizo nilizipata kwa mdomo wa dada yangu, kila anayemuuliza anamwambia, "Mchukue mdogo wangu Nyaya, hana mbwembwe." Shemeji alikuwa seremala, na alipoambiwa ugonjwa wa koo utamnyang'anya sauti alianza kumrekodia mkewe kwenye simu kila asubuhi, dakika mbili tatu, mara anamtania, mara anamwelekeza gundi ya kiti ikiachia afanyeje, mpaka asubuhi ambayo sauti haikutoka. Baada ya msiba mimi ndiye niliyezihamishia kwenye diski, nikaichomeka kwenye ruta yake ili simu zote za nyumbani ziweze kuzisikiliza, nikamwambia, "Dada, futa za kwenye simu, zinajaza bure, huku ziko salama."

Sasa sikiliza. Siku arobaini na saba kabla ya Jumanne ile, watengenezaji wa ruta walitutumia mafundi onyo. Ndani ya kifaa kuna nafasi ya kuandikia jina la anayebisha hodi kutoka nje, herufi sitini na nne, lakini programu haipimi kinacholetwa, kwa hiyo mtu akituma herufi mia tano, zinazozidi zinamwagikia nafasi ya jirani, ambako kifaa kimejiandikia hatua yake inayofuata, na mjanja anayejua kuzipanga anakifanya kimtii yeye. Dawa ilikuwa sasisho, yaani programu iliyorekebishwa, ambalo ruta ingejiwekea yenyewe, ila mimi nilikuwa nimezima kujisasisha kwenye ruta zote, maana mwaka juzi sasisho moja lilizikata mchana kweupe, wateja kumi na tisa wakanipigia ndani ya saa moja, mmoja akaniita tapeli, na tangu hapo nikimaliza kufunga ruta, kitu cha mwisho ni kuzima kujisasisha huko. Onyo nililisoma nikiwa juu ya ngazi, nikasema wiki ijayo. Nyumba tatu kwa siku, siku arobaini na saba, ni nyumba mia moja arobaini na moja. Zingebaki mbili tu. Hesabu hiyo nimeipiga baada ya maji kumwagika.

Dada aliponiita, "Mdogo wangu, mbona haimo hata moja?" nilifungua kumbukumbu za ruta nikaona ilizimika ikajiwasha upya saa nne na dakika kumi na saba, na amri zilizofuata, pamoja na ile ya kufuta diski, hazikutoka ndani ya nyumba ile. Niliona, mshauri, kwa macho yangu, na mdomo wangu ukasema, "Muulize binti yako, ndiye anayepakua mafilamu ya bure."

Mpwa wangu ana miaka ishirini na sita. Akasema, "Mjomba, mimi diski hiyo sijaigusa tangu msiba." Mama yake akamgeukia, "Nyamaza! Baba yako umemzika mara ya pili." Binti akaondoka na mabegi mawili, anaishi kwa rafiki yake, na leo ni siku ya thelathini na moja mama mtu hapokei simu zake. Mimi ndiye ninayekaribishwa, napakuliwa chakula, naambiwa, "Usijilaumu, mdogo wangu, umehangaika mno."

Diski nilimwambia nimeipeleka kwa mtaalamu wa kurejesha vilivyofutwa. Sijaipeleka. Iko kabatini kwangu, kwa kuwa mtaalamu huandika ripoti, na ripoti itaonyesha saa na njia iliyotumika, na dada anajua kusoma.

Ruta hamsini na nane nimeshazisasisha kimyakimya, zimebaki themanini na tano. Kosa ni la watengenezaji, kazi yao kupima na hawakupima, kwa nini mzigo niubebe mimi? Nikizimaliza zote bila kusema neno, si nitakuwa nimeshatubu?

Fundi Nyaya


MAJIBU

Fundi Nyaya, pole, na pole hiyo ishike vizuri kwa sababu ni moja tu.

Watengenezaji wamekosa, sikatai. Wametoboa ukuta. Lakini walirudi wakakuambia pana tundu, wakakupa na udongo wa kuziba, wewe ukasema wiki ijayo. Hilo peke yake ningekusamehe, mtu mwenye kazi nyingi huchelewa. Ila kumsingizia mpwa wako hukuchelewa hata dakika moja.

Na hiyo diski! Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili nikidhani miwani yangu imechafuka. Nimempigia mtu wa kazi hizo. Anasema kilichofutwa mara nyingi bado kimo, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake, na mara nyingine hakimo tena; haahidi kitu. Kwa hiyo huenda mume wa dada yako bado yumo humo, na wewe umemfungia kabatini kwa kuogopa karatasi. Usiichomeke popote, usiijaribu kwa ujuzi wako. Ipeleke kesho asubuhi, na mtaalamu mweleze yote uliyonieleza mimi.

Halafu mpigie mpwa wako, kabla ya mama yake, umwombe radhi isiyo na "lakini" ndani. Nendeni pamoja kwa mama yake akikubali. Asipokubali, nenda peke yako. Dada yako mwambie hivi: nilionywa, sikufanya, nikaona, nikamsingizia mwanao. Usianze na herufi sitini na nne, utaonekana unakimbia. Usimwahidi kwamba sauti itarudi. Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, kaa.

Wenye zile nyumba themanini na tano wapigie leo, uwaambie pana hatari, wachomoe diski walizochomeka na wazime ruta mpaka ufike, na ukifika uweke sasisho, ubadilishe neno la siri, na uache ijisasishe. Wapo watakaokuacha. Mtu aliyeanza na ngazi ya kushikilia anajua kuanza upya. Binti aliyefukuzwa kwao kwa uongo wa mjomba wake hajui aanzie wapi.

Ukurasa huu unafungwa Jumamosi saa sita mchana. Kabla ya hapo usiniandikie barua ndefu, wala usinipigie hesabu. Nataka neno moja: umemwambia dada yako, ndiyo au hapana?