Tui la Popi la Tautrimas

Ijumaa, 27 Desemba

Andika, jirani yangu Kazė. Na usinitengenezee maneno, andika nilivyosema! Wewe ulikuwa tarishi, kazi yako kupeleka barua, si kuzisahihisha. Mie shule niliishia darasa la kwanza, basi — askari wakatupakia treni, uhamishoni Siberia. Nimerudi msichana mkubwa, ng'ombe wananingoja. Nani angenifundisha kushika kalamu?

Haya. Mjukuu wangu Tautrimas kapiga simu, ile ya picha. Mita mbili na sentimita kumi na mbili, hatoshi kwenye kioo — naongea na kidevu. Mwaka wa pili huu yuko Amerika, anachezea timu ya chuo ya mpira wa kikapu, senta, yule mrefu wa chini ya kikapu. Krismasi hakuja, kesho wana mechi. Wenzake wote, kwao karibu, walikwenda siku mbili wakarudi; mkesha bweni zima kabaki yeye na mlinzi.

Lakini mkesha kaufanya! Kučios kamili, ule mlo wetu wa mkesha usio na nyama! Kifurushi changu kilifika: vikate vikavu, uyoga, na nusu kilo ya mbegu za popi. Kaziloweka, kazisaga kwa mashine ya kahawa ya kocha msaidizi — nilicheka mpaka meno yakacheza — kachuja, katia asali. Tui jeupe pe! Kadumbukiza vikate humo, kanywa vikombe viwili.

Nikamuuliza, na vyakula kumi na viwili ulivitimiza? "Bibi, nimehesabu mpaka chumvi."

Eti mlinzi alimhurumia, akamletea pitsa ya nyama. Nyama, siku ya Kučios! Yesu na Maria. Kaificha mpaka asubuhi. Nashangaa, huko watu hula nini mkesha? Nitamuuliza tena.

Jumapili, 12 Januari

Pointi kumi na saba! Na mipira iliyogonga chuma ikarudi, kadaka kumi na tatu. Tumeangalia marudio asubuhi baada ya misa, kwa Kazė, kwa sababu televisheni yake kubwa. Ndiyo, Kazė, andika kwamba ni kubwa.

Mambo ya kule siyamalizi. Mtu mzima kavaa ngozi ya dubu anarukaruka pembeni, ana kazi gani yule? Na tarumbeta, tena ndani ya nyumba! Na kwa nini kocha hamruhusu Tautrimas kurusha kwa mbali? Hapa alikuwa akirusha kutoka mlango wa zizi, pete iko juu ya ghala, unasikia wavu tu. Kule anasimamishwa chini ya kikapu kama kabati.

Kazė anasema, "Si kabati, Apolonija, ni mlango. Hapiti mtu."

Virgilija, binti yangu, mama yake Tautrimas, anasema watu wa ligi kubwa wameanza kuja na madaftari yao kumtazama. Akiumaliza msimu huu vizuri, watamchukua. Msimu huu, si mwingine. Wanawapenda wangali wachanga, kama tango.

Alhamisi, 16 Januari

Hakucheza. Kakaa mwisho wa benchi, kavaa suti. Mikono ya koti imeishia karibu na viwiko. Goti? Mafua? Nimempigia mara tatu. Hapokei.

Ijumaa, 17 Januari

Virgilija kaja kutoka mjini Panevėžys kwa gari, kaingia na viatu. Viatu! Nikajua kuna msiba.

Kumbe tarehe ishirini na sita waliwapima wachezaji mkojo. Majibu yametoka juzi. Kwa Tautrimas wamekuta kasumba, afyuni. Ile ile ya walevi! Wamemsimamisha mpaka baraza la wakubwa likae. Akikutwa na hatia, nje mwaka mzima.

"Mwaka mzima, mama! Na wale wa madaftari unadhani watamsubiri?"

Nikasema, kasumba kaitoa wapi mtoto asiyekunywa hata bia? Virgilija kageuka. Kaangalia kabati langu la unga, ninapoweka popi. Kaangalia muda mrefu.

Jumamosi, 18 Januari

Sikulala vizuri, sikula vizuri.

Nimemimina mezani mbegu za popi zilizobaki. Vimbegu vyeusi, vidogo kama vumbi la makaa. Nimetafuna kijiko kizima. Nimekaa, nimengoja. Hakuna kitu! Mama yangu aliloweka hizi, bibi yangu aliloweka hizi, kijiji kizima hunywa mkesha na hakuna aliyeanguka, isipokuwa jirani yetu marehemu Juozapas, na yeye ni kwa sababu nyingine, ya chupa.

Kazė ananikumbusha kwamba serikali ilikataza kupanda popi bustanini. Kweli, ilikataza. Mie nikadhani wamechukia maua! Hizi nimenunua dukani, zina risiti, zina karatasi ya picha ya keki. Basi mna nini humu ndani?

Lazima nijue.

Jumatatu, 20 Januari

Jana usiku nimetengeneza tui kama alivyotengeneza yeye. Kipimo kile kile, asali ile ile. Nikanywa vikombe viwili. Leo asubuhi Kazė kanipeleka zahanati ya mjini. Anaendesha kama anakimbizwa na mbwa, tabia ya utarishi.

Nesi kijana, kucha za kijani. Nikamwambia, mwanangu, nipime mkojo uone kama nimekula kasumba.

Kanitazama. "Bibi, una miaka mingapi?"

"Themanini na mitatu."

"Na anayekuuzia nani?"

"Duka la kona," Kazė kadakia, "na risiti tunayo!"

Foleni nzima imecheka. Mzee mmoja mwenye mkongojo kauliza kama bado ipo, magoti yanamsumbua. Lakini daktari alipotoka nikamweleza habari ya mtoto, kila kitu. Naye hakucheka. Kumbe anamjua, alimwona akichezea vijana wa Panevėžys. Kasema mbegu zenyewe hazileweshi, ila ganda la popi lina utomvu, ndio kasumba yenyewe, na utomvu hushika kwenye mbegu, kidogo tu, kama harufu ya vitunguu kwenye kisu. Vyombo vya siku hizi vinanusa kisu.

Miaka themanini nakunywa, leo ndiyo naambiwa. Nimefurahi kujua. Kisha nikaona aibu kufurahi.

Alhamisi, 23 Januari

Imo! Karatasi ya zahanati inasema imo! Na muhuri!

Kazė: "Mungu nisamehe, naandikia mlevi."

Virgilija kaituma Amerika pamoja na risiti. Mwanasheria anayemtetea kule kafurahi, anasema ni ushahidi mzuri sana. Kumebaki kitu kimoja. Kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo kuna orodha ukutani ya vitu vya kuepuka, na popi imeandikwa. Kwa hiyo, anasema, Tautrimas aseme hakuisoma. Hakujua. Basi, wanamfungulia, Jumamosi yuko uwanjani.

Mtoto ambaye hata karatasi ya kufungia sabuni anaisoma.

Jumanne, 28 Januari

Saa tisa mchana. Tuko jikoni kwangu, mie na Virgilija mbele ya kompyuta yake, Kazė pembeni anaandika. Andika upesi. Nimevaa kitambaa cha kanisani. Kwenye kioo kuna visanduku vitano: wajumbe watatu wa baraza, mwanasheria, na Tautrimas. Leo naona uso mzima. Kakonda.

Wananisalimu. Wameniuliza natengenezaje tui, nimeeleza yote, Virgilija anatafsiri. Mama wa katikati, mvi kama zangu, anaandika — nadhani anataka kupika. Mwanasheria anatabasamu. Mambo mazuri.

Sasa yule mwanamume wa tai ya bluu kamuuliza Tautrimas kitu. Virgilija kanong'ona: wanauliza kama aliisoma orodha.

Tautrimas kavuta kiti mbele. Kasema maneno machache.

Kasemaje? Virgilija! Kasemaje?

"Kasema aliisoma. Kasema alijua, ilikuwa Kučios, akanywa."

Mwanasheria kaacha kutabasamu. Sikumfundisha mie uongo, wala mama yake. Lakini leo, Mungu wangu, siku moja tu!

Wanasemezana. Mama wa mvi kavua miwani, kauliza jambo polepole, anaangalia kwangu. Virgilija hatafsiri, kashika mdomo. Tautrimas mwenyewe kanieleza kwa lugha yetu:

"Bibi, wanauliza kama ulinilazimisha. Wanasema kama mkubwa wa nyumba aliniagiza ninywe, hiyo ni habari nyingine, wataniachia nicheze."

Ah. Mlango huo hapo, wameuacha wazi. Neno moja.

Virgilija ananibana mkono chini ya meza. "Ndiyo, mama. Sema ndiyo." Na mtoto kule ananitazama moja kwa moja, anatikisa kichwa, kidogo, kidogo — hapana, bibi.

Wananingoja mie. Kazė, weka kalamu chini.