Masikio ya Baba

Noonkopir, Kitengela
9 Juni

Mpendwa kaka Kyule,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini baridi ya Eldoret haijakumaliza, na kwamba wifi yangu Mwongeli amepona kile kikohozi. Sisi huku miili ni mizima. Najua utacheka kuona barua wakati simu iko. Nimekupigia mara nyingi nikitaka kusema haya, lakini nalia kabla sijayafikia. Basi acha niandike.

Unakumbuka baba alivyokuwa kwenye kisiagi chake cha mahindi. Mashine ilinguruma kutwa, wateja wakimwonyesha kwa vidole wanataka unga kiasi gani, na akirudi nyumbani hasikii hata redio. Sisi tukazoea kupaza sauti, halafu tukazoea kunyamaza, maana kupiga kelele kunachosha. Tangu mama atuache, ilibaki kumwekea chakula na kumwonyesha kwa mkono. Alipompa jirani unga usio wake, tulisema ni masikio. Alipouliza jambo moja asubuhi nzima, masikio. Alipopotea akitoka kanisani, Parsaoti yule wa bodaboda akamrudisha kwa pikipiki, nami nikasimama pale getini nikieleza kwamba mzee hakusikia tulipomwita. Mzee mwingine watu wangemwona ni mgonjwa. Wetu alikuwa kiziwi, basi hatukutafuta zaidi.

Hatimaye, baba alipozidi kusahau, nilimpeleka kwa daktari wa Kajiado, naye aliuliza maswali hadi nikakasirika: anavuta sigara, anakunywa pombe, analala vipi, presha yake ikoje? Nilijibu kwa majivuno kwamba mzee wetu hana hata tabia moja mbaya. Ndipo akauliza anaongea na nani siku nzima. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba hiki ndicho kilileta kile, lakini watafiti wameona kwamba asiyesikia na akaachwa hivyo, akakaa peke yake, yuko katika hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Kaka, niliumia sana. Kelele ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha.

Sasa vile vifaa vya masikio ulivyotuma. Uliniuliza kama vinafanya kazi nikakuambia vinafanya kazi vizuri sana. Sikukudanganya, ila sikumaliza.

Dada wa kliniki alipomvalisha, baba alishtuka kusikia kuku nje, akacheka kama zamani. Nami nikapiga magoti mbele yake, nikamwita baba kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele. Alinisikia, Kyule. Alinisikia kila neno. Akanitazama vizuri, akaniambia kwa adabu, "Karibu mama. Uko na gorogoro ngapi?"

Nilimjibu mbili, kama mteja aliyeleta makopo mawili ya mahindi. Sijui kwa nini. Akaniomba nivumilie kidogo, umeme umepotea, lakini utarudi tu. Na kwa kuwa tulikuwa tunasubiri, akaanza kunipigia hadithi. Alisema ana watoto wawili, Kyule na Mbeke, wazuri ajabu, kijana ana akili na msichana ana mdomo. Ila siku hizi hawaongei naye, na hajui amewakosea nini. Halafu akaniuliza kama wangu huongea na mimi.

Tangu hapo kila jioni naingia kwake kama mteja. Tunaongea mpaka koo linamkauka. Siku moja nilimwambia ni mimi Mbeke, akaogopa, akanisihi nitoke, kwamba mtoto wake bado ni mdogo. Sijarudia tena.

Kwa hivyo njoo, kaka, usingoje Disemba. Ila usimwambie wewe ni nani. Keti naye msubiri umeme, na akikuuliza kama unamjua mtoto wake Kyule, mwambie unamjua, na kwamba baba yake hakumkosea lolote.

Nisalimie wifi na watoto, uwakumbatie kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Ni mimi dada yako,
Mbeke